Taa za Mama Mkwe

12 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Habari za huko? Mgongo unaendeleaje, bado unakusumbua kama mwenye nyumba? Mimi mzima, nimenenepa shingo tu.

Dada, kaa chini kwanza. Umekaa? Mdogo wako ana gari. Tena si la kubebea vitunguu. Ni gari la mabosi, refu kama hotuba ya mgeni rasmi, viti vya ngozi, dashibodi ya mbao inang'aa. Lilikuwa la mkurugenzi, likapita kwa daktari, likapita kwa mwenye baa, mwanawe akalibamiza ukutani, ndipo likaniona mimi. Ukitaka kujua umri wake, lina miaka sawasawa na binti yako Kijiko.

Nalikodisha kwa maharusi. Nimelipaka nyeupe, nimelifunga riboni, ukiliona utasema limetoka dukani jana. Nimeliita Mama Mkwe. Kwa sababu lazima umheshimu, anapandwa na joto bila sababu, na akikasirika hasemi, ananyamaza tu. Jumamosi kaninyamazia katikati ya barabara na bibi harusi ndani. Nikamwambia, "Tumesimama ili watu wakuone vizuri." Si akaanza kupunga mkono!

Nasikia Kijiko kaposwa na yule kijana fundi bomba. Gari la harusi lipo, mjomba ndiye dereva. Usinibishie.

Mdogo wako,
Mzee wa Mishemishe


27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijambo. Mgongo ndio huo huo, na masufuria ya shule hayajapungua uzito. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanichekesha mpaka nasahau nilichotaka kusema, nawe unajua.

Yule mama muuza mashuka alipanda gari lako kwenye harusi ya mwanawe. Anasema lilizima kwenye mteremko, ukawa unaubembeleza usukani kama mtoto anayekataa kula. Anasema viti vya nyuma havina mikanda. Anasema pale mbele ya dereva, zinapowaka zile taa ndogo, umebandika utepe mweusi.

Kijiko ndiye mtoto niliyebakiwa naye. Nijibu bila utani. Gari hilo linazima?

Dada yako


9 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini mzima. Huyo mama mashuka ana macho kama askari wa forodha!

Haya, bila utani. Mikanda nimeikata mwenyewe. Vile vifungo vilikuwa vinashika lesi, gauni la mtu likachanika mpaka kiunoni, mama yake alitaka kunila mzima mzima. Taa nimezifunika, ndiyo. Zilikuwa zinawaka nyekundu, njano, kama duka la simu. Bibi harusi mmoja akaziona, akalia, wanja ukateremka hadi kidevuni. Nani atampiga picha huyo? Nikabandika utepe. Tangu hapo hajalia mtu.

Kuzima, linazima likipata moto. Fundi wangu, Spana, anasema injini imechoka, inataka kushushwa yote. Nimemwambia msimu wa harusi upite kwanza. Lakini mimi nimeshamsoma Mama Mkwe, dada. Akinyamaza, breki inabaki na pumzi moja. Unaikanyaga mara moja, unaing'ang'ania hapo hapo, huachii. Unatoa gia, unawasha upya, mnaendelea na safari. Ukiikanyagakanyaga ndio umekwisha, inageuka jiwe, na usukani unakuwa mzito kama unageuza nyumba. Mguu wangu unajua kazi hiyo wenyewe, hata hauniulizi.

Hamgusi dereva mwingine. Naapa kwa kaburi la mama. Na Kijiko mwenyewe kanipigia, anamtaka Mama Mkwe. Sasa mimi na wewe ni nani tumkatalie?

Mdogo wako,
Mzee wa Mishemishe


21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku wote wazima.

Kijiko kaninunia wiki nzima. Chakula anakula, kuniongelesha hataki. Fundi Bomba naye kaja kumwombea, kijana wa watu ana adabu, anaongea nami huku anatazama vidole vyake vya miguu. Nimechoka kushindana nao. Basi, lete hilo gari.

Ila wewe tu. Usukani asiushike mtu mwingine, hata awe nani, hata akuombe vipi. Umeapa kwa kaburi la mama, na mimi ndiye ninayelipalilia.

Dada yako


3 Mei

Dada,

Shikamoo. Sijui niulize habari gani.

Nilifika hospitali, nikakaa kwenye benchi la nje. Nesi akasema mama wa mgonjwa hataki kuniona. Nikamwachia yale machungwa. Sijui kama yalifika. Akanidokeza kwamba Kijiko kafumbua macho, ndio nikaondoka.

Kwenye maziko ya Fundi Bomba nilisimama nyuma kabisa, kwenye miti.

Wewe ulikuwa jikoni unagawa chakula, hukuona ilivyoanza. Mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti, watu wanacheka, unanijua watu wakicheka. Fundi Bomba akanifuata. "Mjomba, nipe funguo. Nimpeleke mke wangu mwenyewe kupiga picha, turudi sasa hivi." Alikuwa kavaa viatu vipya, vinalia kwee kwee. Nikamrushia funguo mbele za watu, nikasema kwenye kipaza sauti, "Kuanzia leo Mama Mkwe ni wako, mtajuana wenyewe!" Watu wakavunjika mbavu.

Huo mteremko wa kwenda kwa mpiga picha, dada, nimeushuka mara ngapi.

Trafiki kaandika mwendo kasi, na dereva hakulizoea gari. Mimi sijaulizwa kitu. Nimewaza, labda tuache hivyo hivyo. Kijana hayupo, haitamuumiza.

Mdogo wako


16 Juni

Mdogo wangu,

Sina salamu.

Kijiko anasimama kwa magongo. Mguu wa kulia haukunji na hautakunja.

Kuhusu hilo la haitamuumiza, nakwambia inaumiza nani. Watu wanasema Fundi Bomba alikuwa anajionyesha kwa mke. Wanasema nusura amuue mwari siku ya harusi. Baba yake sasa anapita kwangu kainamisha kichwa, jana kaniomba msamaha kwa ajili ya mwanawe. Amepiga magoti, mtu mzima yule. Sikujua niweke wapi mikono.

Kijiko anasema sivyo. Anasema gari lilinyamaza, na mumewe akawa anakanyaga breki, anakanyaga, anakanyaga, mpaka kiatu kikamtoka, anamwambia, "Mke wangu, haishiki." Kila mtu anamjibu, wewe uliumia kichwa, umechanganya mambo. Sasa na yeye anaanza kuamini hivyo.

Ananiuliza kitu kimoja, na mimi nakuuliza wewe. Chini ya ule utepe, taa ilikuwa inawaka?

Usinipigie simu.

Dada yako


25 Juni

Dada,

Shikamoo.

Ilikuwa inawaka. Zote zilikuwa zinawaka, na siku ile nilipokuja kumchukua Kijiko nyumbani niliona mwanga mwekundu unachungulia pembeni ya utepe. Nikaubandika tena kwa kidole gumba.

Nimetoka kwa baba yake Fundi Bomba. Kabla ya hapo nilipita yadi trafiki walikoliweka gari. Mlinzi akanikumbuka, akasema, "Mzee wa Mishemishe, tuchekeshe basi." Nikampita. Nikabandua utepe, nikamchukulia yule mzee, nikauweka mezani kwake. Nikamweleza mikanda. Nikamweleza breki yenye pumzi moja, kwamba ukikanyaga mara nyingi kama mtu yeyote mwenye akili angekanyaga, inageuka jiwe.

Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Ulipompa funguo, ulimwambia hayo?"

Nikasema hapana.

"Kwa nini?"

Nikasema, nilikuwa nachekesha watu.

Hakunifukuza. Aliendelea kukaa tu, anaukunja ule utepe, anaukunjua.

Kesho asubuhi naenda kituoni, na yeye anakuja, anataka wafute walichoandika. Sidhani nitarudi nyumbani. Mwambie Kijiko hakuchanganya chochote. Mumewe alimkanyagia breki mpaka mwisho.

Ukienda kwa mama, nipalilie na upande wangu.

Mdogo wako