Fildi Inayoitwa Njukini

Shanice uko?

Bosi Titus amenipongeza mbele ya ofisi nzima. Eti, "Peris, mtoto anakuja lini?" Mtoto! Hata mamangu hajui.

Hiyo habari niliiweka kwa database ya bima ya wafanyakazi tu. Haionekani kwa skrini yoyote!

Lakini unakumbuka ile boksi ya kutafuta Titus alinilazimisha niweke kwa programu ninayounda? Ukiandika jina la fildi yoyote, yaani sehemu ya kuwekea data, inakuletea kilicho ndani.

Na hiyo fildi sikuiita mimba. Niliiita njukini, jina la kijiji cha nyanya yangu, ndio mtu asibahatishe.

Sasa Titus ameijulia wapi? Njukini? Titus?

Shanice, hilo jina nilimwambia mtu mmoja tu.

Naona umesoma. Ni wewe ulimwambia?