Ufa Kwenye Alama Nyekundu

Jumanne, mtaani Skuta

Limepasuka pale pale! Miezi minane nimekuwa nikipiga hesabu kujua bati la alumini, ambalo nguvu zake si sawa kila upande, litachanikia wapi likikandamizwa kuwa bakuli. Leo, kabla ya kuwasha mashine, nilitia alama nyekundu pale hesabu iliposema. Ufa ukapita juu yake.

Nikageuka kumwambia mtu. Maabara nzima nilikuwa peke yangu.

Nikampigia mama, kule Gakindu.

"Ati umepasua hiyo bati na uko na furaha?" akauliza. "Haya. Umekula?"

Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula.

Bakuli nimekuja nalo nyumbani. Liko mezani. Nimeligeuza ufa uelekee kiti cha pili, kama kuna mtu atauliza.