Utambi kwa Bilauri za Mama

12 Machi, mwaka wa thelathini na moja ugenini

Mdogo wangu,

Bilauri za marehemu mama, zile zenye mguu mrefu, zinafaa kwa mishumaa ya kumkumbuka. Ila chagua utambi mwembamba wa pamba, kwa sababu zimebana mdomoni na moto mkubwa utazipasua. Mimina nta ikishapoa kidogo, na uzime ikibaki kimo cha kidole. Yenye ufa usiitumie, hata ukiionea huruma.

Nakusikia ukinisuta: “Kaka, nimekuuliza unakuja lini, wewe wanifundisha mishumaa.”

Umeandika kwamba bilauri moja hutaiwasha mpaka nifike. Iwashe tu. Begi nilishafunga, lakini daktari amesema moyo wangu hauiwezi tena safari. Sitarudi.

Kaka yako