Vumbi la Uyoga Chini ya Kitanda

Dorothea, nimeumbuka! Nacheka mpaka machozi!

Ule uyoga wa kwenye gogo nyuma ya apartment, jana niliuweka juu ya karatasi nyeupe, nikaufunika na bilauri, udondoshe vumbi nijue rangi yake, maana rangi ndiyo inasaidia kujua kama unalika. Nikauficha chini ya kitanda.

Leo mama mkwe kafagia. Kakuta duara la vumbi la kahawia. CHINI YA KITANDA CHA MWANAWE!

Narudi kazini nakuta jumuiya nzima ya kanisa ya mtaa wetu, Vickery Meadow, sebuleni na rozari, karatasi imelowa maji ya baraka. Mama mkwe ananiuliza: "Mwanangu, umemfanyia nini mumeo Modestus?" Umemfanyia nini!!

Bahati nzuri mama mkwe alishalipiga picha lile duara kabla ya kulimwagia maji. Nikawatumia wale wa grupu la wataalamu wa uyoga. Wakajibu: uyoga huo una sumu, usithubutu kuula.

Na vitunguu nilishakata!

Mama mkwe kanitazama: "Ulidhani tunasali bure?"