Viatu Vyeupe vya Namba Kubwa

Jumamosi, 3 Oktoba 1992

Nimerudi kutoka Mwadingusha na samaki wa kuuza kama kila wiki. Bariyeri mpya, kizuizi kwenye mlango wa mji. Vijana, vyuma mkononi, macho mekundu. Mmoja ni Didi, mtoto wa jirani yetu Mama Adolphine. Amekula bukari ya mahindi kwangu tangu hajaota meno ya pili. Akaniuliza kama bado nina bibi Mukasai, mke wa kutoka Kasai. Nikamwambia bibi ni wangu, si wa mama yake. Wakanipiga. Halafu Didi akashika nyundo, akavunja pedali zote mbili za baiskeli yangu, polepole, kama mtu anayepasua karanga. Nimesukuma mzigo kwa miguu hadi nyumbani.

Mdomo umevimba. Nina hasira.

Jumapili, 4 Oktoba

Stesheni, kumwona Ngalula. Bibi yangu analala chini ya turubai na kaka yake Mukendi, kati ya Wakasai wote waliofukuzwa nyumbani kwao. Wanangoja treni ya kuwapeleka Kasai. Vijana wa Katanga wanawaita bilulu. Wadudu! Ngalula amezaliwa hapa hapa Likasi, Kasai hajaitia machoni. Alitoka nyumbani kwetu mwenyewe, ili wasiichome.

Turubai la pili wamezika mtoto asubuhi. Kuhara. Watu hawalii tena, wanafunika tu.

Nimeamua. Treni haimchukui. Binamu yangu wa Mwadingusha amekubali kumficha. Nitampakia nyuma ya baiskeli na nitapita. Nahitaji pedali tu.

Jumatatu, 5 Oktoba

Hakuna duka. Yote yameporwa, hata rafu zimebebwa. Nimempata Papa Anselme, mpishi wa Muzungu aliyekimbia na familia yake. Muzungu alikuwa akikimbiza baiskeli kila Jumapili. Ameacha aina mbili za pedali na jozi mbili za viatu, yake na ya mwanawe. Nimempa Papa Anselme kikapu kizima cha samaki.

Lakini hizi si pedali za watu. Hazina pa kukanyagia. Unavaa kiatu chenye kichuma chini ya soli, unakanyaga, ta! kimenaswa. Ukitaka kutoka, unageuza kisigino nje. Nimejaribu na sandali, nikajifanya mjanja. Mguu umeteleza, pedali imenichana ngozi ya mbele ya mguu mpaka mfupa mweupe ukachungulia. Nimelitukana lile dude kwa lugha zote ninazojua.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimepeleka kila kitu kwa Mukendi. Zamani alikuwa anashindana, anazijua. Amecheka. Sikumbuki alicheka lini mara ya mwisho.

Pedali kachagua zile ndogo za chuma. Zile pana zinataka kiatu chenye plastiki chini, na plastiki inavunjika ukitembea. Akalegeza skrubu ya pembeni ili mguu utoke bila kupigana. Mpaka hapo tulipatana.

Halafu viatu, jozi zote mbili zina vichuma. Jozi nyeusi, namba 41, mbaya, imeshonwa ubavuni. Jozi nyeupe, 43, inang'aa, ina mstari mwekundu. Mukendi, shemeji yangu, akasema, "Mulamu, twaa hii nyeusi. Kisigino inapashwa kushikwa nguvu. Ukigeuza muguu, kiatu igeuke nayo."

Nimevaa nyeusi. Zinashika, sikuzoea. Sisi hapa kiatu kinanunuliwa kikubwa. Unajaza gazeti mbele, kinadumu. Mama alitulea hivyo, na mji mzima unavaa hivyo. Nani ananunua kiatu cha kumkaa leo?

"Weye unanunua kiatu ya kukomea?" akaniuliza, kana kwamba bado ninakua. "Miguu yako ilimaliza kukomea zamani!"

Watu wa turubai wakacheka. Nikakasirika, nikachukua nyeupe. Nyeusi nimemwachia yeye.

Alhamisi, 8 Oktoba

Mazoezi nyuma ya nyumba. Nimeanguka ubavu wa kushoto, wa kulia, kisha tena wa kushoto. Nageuza mguu, mguu unageuka ndani ya kiatu, kiatu chenyewe kimetulia kwenye pedali. Gazeti limejaa mbele, kisigino kinacheza. Nimepiga ukuta ngumi, sasa na mkono unauma.

Lakini kwenda, inakwenda! Mguu unasukuma chini na kuvuta juu. Nimepanda mlima na gunia la makaa nyuma kana kwamba sina kitu.

Kutoka ndiyo shida. Nimejiambia haidhuru, siku hiyo sitasimama popote.

Ijumaa, 9 Oktoba

Wamevamia stesheni mchana. Mawe, fimbo. Wamempiga mzee mmoja mpaka akanyamaza. Walioanza kuomba na kuimba wamepigwa kuliko wengine. Ngalula amepata jiwe begani. Nimelishika lile bega, limewaka moto. Nikatamani kuua mtu. Mtu yeyote.

Wanasema treni iko njiani. Kesho basi, mvua ikianza. Mvua ikinyesha vijana wanakimbilia chini ya paa.

Jumamosi, 10 Oktoba

Mvua ilianza saa za mchana, nzito. Ngalula nyuma, kitenge kichwani, mikono kiunoni mwangu. Viatu vyeupe. Ta, ta. Tukaondoka.

Bariyeri ilikuwa tupu. Kweli, tupu! Nikaanza kucheka. Halafu Didi akatoka kwenye kibanda peke yake, akasimama katikati na chuma, na wengine wakamfuata. Kukwepa hakuna, mfereji huku na huku. Nikashika breki. Nikageuza kisigino cha kushoto. Mguu ukageuka, kiatu hapana. Nikageuza tena. Tukaanguka kama gunia, mimi juu ya Ngalula, juu ya bega lake lile lile.

Walicheka. Mmoja akamvuta Ngalula nywele, akamburuta kwenye tope, akampiga teke la tumbo. Mimi chini, mguu umefungwa kwenye baiskeli kama mbuzi. Chuma cha Didi mgongoni, mara nyingi. Nikavuta kwa nguvu zote na mguu wa kushoto ukachomoka, mtupu. Kiatu kikabaki kwenye pedali. Wa kulia ulikuwa umenasuka tulipoanguka. Didi akainama kunitafuta uso. Nikampiga teke la uso kwa kichuma cha kiatu cha kulia.

Jicho. Niliona. Nilisikia pia.

Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo.

Alipiga kelele za mtoto mdogo, akiita mama yake. Wenzake wakaacha kila kitu, wakamshika. Mimi nikatupa kiatu kilichobaki, nikamshika Ngalula. Tumekimbia kwenye mashamba ya mihogo, mvua machoni, mpaka stesheni. Anatema damu kidogo. Anasema meno tu.

Jumapili, 11 Oktoba

Sijalala. Sauti ya Didi haitoki masikioni. Jana nilifurahi, leo natapika.

Yaya Kasongo, kaka yangu, amekuja. Amesimama mbali na turubai, hakutaka kukaa.

"Kibwe, usirudie kule. Nyumba banaichoma. Jicho ya Didi inakufa. Banakutafuta na mapanga."

Nikamwambia mimi ni mtoto wa Kambove hapa karibu, baba yetu na babu yetu wamezikwa pale, nani atanifukuza?

"Banasema weye pia iko kilulu sasa."

Akaniambia amemwona kijana mmoja sokoni na baiskeli yangu. Kiatu cheupe bado kimenasa. Wamekivuta, wamekipiga nyundo, kimekataa. Basi anatumbukiza mguu wake humo humo na kuendesha. Yaya alitaka kucheka, akashindwa. Ameniachia shati lake, ameondoka bila kunipa mkono.

Jumatano, 14 Oktoba

Treni imekuja asubuhi. Mabehewa ya mizigo. Watu walipanda juu ya watu. Mwanajeshi akaniuliza ninakwenda wapi, mimi nina jina la Katanga. Nikamwambia naenda na bibi yangu. Akainua mabega.

Nimeuona mji wote kutoka mlango wa behewa. Mashimo ya migodi, mabomba ya kiwanda bila moshi, barabara ya Kambove. Halafu vilima, halafu majani.

Ngalula amelala na kichwa pajani kwangu. Kabla ya kulala amenifundisha salamu ya kwao. Na yeye haijui vizuri.

Miguu yangu ina vidonda tangu zile mbio za mihogoni. Jioni Mukendi amefungua furushi lake, ametoa vile viatu vyeusi. Sikujua amevibeba. Nimevaa. Kisigino kimeshikwa, vidole vinapumua. Nimesimama kidogo kujaribu, kichuma kikagonga sakafu ya behewa, mtoto mmoja akageuka kutazama. Nikageuza mguu. Kiatu kikageuka nao.

Mukendi akafunga furushi lake. Nimekaa tena. Sijavivua.