Kifaa Kingine

Jumatatu, 6 Aprili

Nimetolewa tena. Nilikuwa nakanda unga wa maandazi kwenye mchezo. Skrini ikawa nyeupe, kisha yale maneno: akaunti hii imefunguliwa kwenye kifaa kingine. Basi. Unga ukabaki mezani bila mtu.

Kifaa kingine ni simu ya Kendi. Yuko kwao Laare, kwenye mashamba ya miraa. Mimi niko Embu, kwenye saiba, duka la intaneti la binamu yangu Salim, kompyuta ya tatu, karibu na dirisha. Akaunti ni moja, yetu sote wawili. Tuliifungua tukiwa kidato cha pili, likizo aliyokuja kukaa kwa shangazi yake hapa mjini. Simu ilikuwa moja tu, ya Mama. Hatukufikiria kwamba siku moja tutakuwa mbali. Mchezo wenyewe unakubali simu, kompyuta, chochote, lakini akaunti moja haifunguki mahali pawili. Mmoja akiingia, mwingine anatupwa nje.

Sikukasirika. Kusema kweli nilifurahi. Maana yake yuko salama, ana bando, na amemkumbuka Pilipili.

Jumanne, 7 Aprili

Pilipili ndiye mtu wetu kwenye mchezo. Naandika haya ili nikizeeka nijue nilikuwa nafanya nini mwaka huu. Ni mfupi, ana kilemba chekundu. Ana nyumba, bata, tanuri, na kilima nyuma ya nyumba. Anapika, anauza, anajenga. Hakuna kushinda. Unaendelea tu.

Leo nimecheza kwa simu ya Mama. Kioo kimepasuka upande wa kulia, hakisikii kidole. Kwa hiyo kwenye simu hii Pilipili hawezi kwenda kulia. Nikitaka aende, nageuza simu juu chini. Kwenye kompyuta anakwenda popote lakini polepole, kama bata mwenyewe. Mama aliniona nikiizungusha simu akauliza kama natafuta kibla.

Alhamisi, 9 Aprili

Kendi amepanda miti kilimani. Mingi. Mchezo hauna miraa, kwa hiyo amechagua kile kimti chenye vijiti vyekundu. Safu zimepinda kufuata mteremko, kama mashamba ya kwao. Nilijua mara moja anachotaka kufanya. Hakuna mtu mwingine duniani angejua.

Niliweka kiti chini ya mti mmoja. Sikuandika chochote. Hakuna mahali pa kuandika.

Jumamosi, 11 Aprili

Kuna kikombe juu ya kiti.

Nimecheka peke yangu mpaka Salim akasema, "Wewe, kompyuta imekutekenya?" Wateja wakageuka kuniangalia. Nikainama kama naokota kitu.

Hatujaongea tangu arudi kwao mwanzoni mwa Desemba. Mwezi huo huo nilimwandikia ujumbe mrefu. Niliupanga upya mara nyingi. Alijibu: sawa mpenzi. Sikujua niandike nini baada ya hapo. Kupiga siwezi. Sauti yangu hukauka kwenye simu. Hata Baba aliacha kuniweka mbele kule buchani, kwa sababu nanong'ona na wateja wanafikiri nawaficha bei ya nyama.

Miaka minne bwenini nililala kitanda cha juu, yeye cha chini. Alikuwa akiongea kwa niaba yetu wote wawili. Sasa nimebaki na upande wangu tu.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Stima hakuna. Hakuna kitu.

Jumatano, 15 Aprili

Nimetolewa mara mbili, asubuhi na mchana. Siku nzuri.

Miti imeanza kukomaa. Kati ya safu ameweka njia ya mawe, jiwe moja moja. Hiyo ni kazi ya siku nyingi. Mtu hawezi kufanya kazi kama hiyo mahali ambapo ameshapasahau.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimeharibu kila kitu.

Ijumaa Salim huenda msikitini, naachiwa saiba. Nilikuwa kompyuta ya tatu. Akaja mzee mmoja kutoka Gachoka, anataka kuchapisha barua, na ni ya tatu pekee inayoongea na printa. Nikampisha. Nikahamia ya tano. Ya tano haikuwa na mtandao tangu Desemba. Salim aliirudishia waya juzi.

Nikafungua mchezo. Ukaniuliza swali ambalo sijawahi kuliona. Kuna nakala mbili na hazilingani, moja ya kifaa hiki na moja ya mtandaoni. Unabaki na ipi?

Mzee alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu. Karatasi yake ilikuwa imekwama. Alikuwa akisema "msichana, msichana" na mimi siwezi kufikiri mtu akisimama nyuma yangu. Nikabonyeza ya kifaa hiki. Nilidhani kifaa hiki ndipo nilipo, basi ndiyo sawa.

Kifaa hiki kilikuwa bado Desemba. Mara ya mwisho Kendi na mimi kucheza pamoja ilikuwa pale pale, kompyuta ya tano, kabla hajapanda gari kwenda kwao. Kilimani nyasi tupu. Hakuna mti. Hakuna njia ya mawe. Hakuna kiti wala kikombe.

Nilikimbia kwenye kompyuta ya tatu, nikaingia. Nyasi tupu. Mzee alipoondoka nikafunga saiba, nikaenda nyumbani kuchukua simu ya Mama. Nyasi tupu. Kila mahali ni Desemba.

Nimelia bafuni na maji yamefunguliwa.

Jumamosi, 18 Aprili

Niliingia asubuhi nikangoja. Nilitaka anitoe, aone, anitukane. Hakunitoa.

Labda ameingia nikiwa nimelala. Labda ameshaona.

Jumatatu, 20 Aprili

Salim ametafuta kwenye mipangilio yote. Hakuna kurudi nyuma. Ukichagua umechagua. "Kwani ni miti ya nini?" akauliza. "Ni ya mahogani?"

Nimeanza kuipanda upya. Nilidhani nakumbuka safu zilivyokwenda. Sikumbuki. Zangu zimenyooka kama wanafunzi paredi. Mtu wa Laare akiziona atajua zimepandwa na binti wa mjini, wa muuza nyama, ambaye hajawahi kushika jembe. Nimezing'oa zote.

Hakunitoa leo pia.

Alhamisi, 23 Aprili

Bata wameongezeka. Tanuri limejaa mikate. Sijawahi kucheza kwa muda mrefu namna hii bila kukatizwa. Naweza kufanya chochote ninachotaka na sitaki kufanya kitu.

Nimemsimamisha Pilipili mlangoni nikaangalia tu. Mikono mezani. Nangoja skrini iwe nyeupe.

Salim ameona. Amevuta kiti cha pili, amekaa. Kisha: "Mpigie. Simu inafanya hata hiyo kazi, ulikuwa hujui?" Nikasema amekasirika. "Amekwambia?" Hapana. "Sasa wewe umejuaje?" Nikasema kwa sababu amenyamaza. "Zuu, wewe mwenyewe umenyamaza tangu uzaliwe. Umemkasirikia nani?"

Nikainuka nikaenda kufagia mlangoni.

Jumapili, 26 Aprili

Nimeandika ujumbe. Nimeufuta. Nimeandika. Nimefuta.

Ninachoogopa ni hiki: kwamba miti ile ndiyo ilikuwa maongezi yetu, na mimi ndiye niliyeyafuta.

Jumanne, 28 Aprili

Nimepiga.

Nilikwenda nyuma ya bucha, mahali Baba anapowekea kuni. Nilikuwa nimejiandaa. Nitasema pole kwanza, halafu nieleze habari ya kompyuta ya tano, halafu pole tena. Ikaita kwa muda mrefu. Nikaanza kuomba isipokelewe.

"Muga! Nani huyu?"

Ndiyo salamu ya kwao. Nikasema ni mimi. Labda sikusema kwa sauti.

"Nani? Ongea! Zuu? Ngai, ni Zuu! Nyamazeni huko, ni rafiki yangu wa shule! Kwani wewe unaishi? Nilidhani uliolewa huko Embu bila kuniambia!"

Akacheka kile kicheko chake. Nyuma yake watu walikuwa wengi, wanaitana kwa Kimeru, mtu analia majani ya migomba ya kufungia hayatoshi. Akasema amepata kazi kwa mama mdogo wake. Wanafunga miraa kwenye mafungu, magari yanangoja barabarani, wanunuzi hawana subira, vidole vimekuwa vyeusi, lakini ni kazi tamu, wanacheka kutwa. Alitaja majina ya watu kama ninawajua.

Nikamwambia. Pole, miti yako imepotea, ni mimi, kompyuta iliuliza nikachagua vibaya.

"Miti gani?"

Ya kilimani. Ya vijiti vyekundu.

"Aaa, ile! Ya mchezo!" Akacheka tena, na si kwa ubaya. "Aki Zuu. Ile nilikuwa napanda nikingoja gari lijae, kabla sijapewa kazi ya kufunga. Mimi niliifuta hiyo kitu. Simu ilijaa picha za miraa za kuwatumia wanunuzi, ikakataa kufungua. Nikaifuta."

Lini?

"Sijui. Ile Alhamisi nilianza kazi. Ya kumi na sita hivi."

Yeye Alhamisi. Mimi Ijumaa. Nilipokuwa bafuni nikilia, hapakuwa na mtu yeyote wa kuumia. Siku zote hizi nilikuwa namwomba msamaha mtu ambaye hayupo.

Nikamuuliza kuhusu kikombe. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimeapa sitauliza. Akasema, "Kikombe gani, mpenzi?" Halafu mtu akamwita, akasema kwa haraka, "Pilipili ni wako sasa, mchukue kabisa. Badilisha paswadi uweke yako. Na unipigie! Usikae tu hivyo!" Akakata.

Alikuwa mwema. Alifurahi kweli kunisikia. Nimeyarudia maongezi yale neno kwa neno na sioni mahali alipokosea.

Afadhali angekasirika.

Jumatano, 29 Aprili

Sikwenda saiba. Nimemsaidia Mama kuchagua ndengu. Aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Akanipa chai yenye tangawizi kama mgonjwa.

Nimefikiria sana. Kendi hakunifanyia kitu. Ameondoka tu, kama watu wanavyoondoka mahali, na hakufunga mlango kwa kishindo kwa sababu hakujua kuna mtu ndani. Miraa ya kweli imemjia mikononi, anafanya nini na ya mchezo? Ningekuwa na watu wa kucheka nao kutwa, labda hata mimi ningefuta.

Hasira yake ningejua la kuifanya. Furaha yake sijui.

Ijumaa, 1 Mei

Sikukuu. Saiba ilikuwa tupu. Salim aliniachia ufunguo.

Nimebadilisha nenosiri. Mchezo uliuliza kama nataka vifaa vingine vyote vitolewe. Nilikaa na swali hilo kidogo. Safari hii hapakuwa na mtu nyuma yangu. Nikajibu ndiyo.

Halafu nikacheza. Nimelisha bata. Nimeoka mikate, nimeuza. Mvua ilinyesha huku, na kwenye mchezo jua. Kilimani sijapanda kitu. Nimepanda juu kwa miguu ya Pilipili mpaka kileleni, mahali ambapo hatukuwahi kumfikisha, na kumbe unaona mji wote na mto nyuma yake. Sikujua kuna mto.

Nilikaa pale mpaka nikachoka. Hakuna aliyenitoa. Nikatoka mwenyewe, nikazima kompyuta, nikafunga saiba, nikarudi nyumbani kabla chai haijapoa.