Babu Yako Halishwi Amelala

Mjukuu wangu mwenye haraka,

Nani alikufundisha kumnywesha uji mgonjwa wa kiharusi akiwa amelala chali? Alipokohoa ukasema, "Kapaliwa tu." Kumbe uji uliingia mapafuni ukamletea nimonia, tukakaa hospitali wiki tatu nikimsikiliza anavyokoroma kifua.

Sasa sikia: babu yako karudi nyumbani! Namkalisha wima kwa mito mitatu, namlisha kijiko kimoja kimoja, nasubiri ameze. Leo kamaliza bakuli zima bila kukohoa hata mara moja, kisha akanifokea, "Bibi wee, sukari unamfichia nani?" Nilicheka mpaka machozi.

Anakuulizia kila siku, nawe umejificha kwa aibu. Acha upuuzi. Jumamosi njoo, nawa mikono, umlishe wewe mwenyewe nikikuangalia.

Bibi yako